Betri Imehamia Kwenye Buti, Gari Linagoma: Dalili, Vyanzo na Namna ya Kupima

Betri ya N50 (55D23) ina uzito wa kilo 14 hadi 16 hivi. Ukiitoa chini ya boneti ukaipeleka kwenye buti, hujapunguza hata gramu moja, umeongeza. Mita 5 za waya wa shaba wa 50 mm² ni kilo 2.2 za shaba tupu, na ukijumlisha ganda la waya, kitako cha chuma, sanduku, bolti na fyuzi, unakaribia kilo 5. Kinachobadilika ni mahali uzito unapokaa. Chukua Subaru Impreza GC8, ambayo umbali kati ya ekseli zake mbili ni milimita 2,520. Betri ya kilo 15 ikirudishwa nyuma mita 3, ekseli ya mbele inapungukiwa kama kilo 18 na ya nyuma inaongezewa hizo hizo. Kwa gari la kilo 1,300 hiyo ni asilimia 1.4. Dereva wa rali ataisikia kwenye kona. Wa kwenda kazini na kurudi hataisikia.

Anayetaka gari jepesi kwelikweli abadilishe aina ya betri. AGM (betri ya risasi isiyo na maji ya kumwagika) ndogo ya 16 Ah kama Odyssey PC680 ina kilo 7. Lithiamu yenye nguvu ya kuwasha injini hiyo hiyo ina kilo 2 hadi 4, na inaweza kukaa palepale mbele bila kuvuta waya wowote mpya. Watu wengi hufanya kazi zote mbili kwa siku moja, gari likigoma hawajui waanzie wapi. Tuanze na dalili inayoonekana zaidi.

Stata inazunguka kwa uvivu, au inalia "ka!" mara moja na kunyamaza

Usinunue betri nyingine bado. Tafuta multimita, waya mwembamba wa mita 6 wa kurefushia mkono mmoja wa mita, spana namba 10 na 12, na mtu wa kukaa kwenye usukani. Toa fyuzi ya EFI ili injini isiwake, weka mita kwenye DC 20 V, kisha msaidizi apige stata kwa sekunde 4 kila unapopima.

Kwanza pima betri yenyewe, ncha za mita zikigusa vichwa vya betri na si terminali zilizovishwa juu yake. Betri ya risasi iliyopumzika usiku kucha ikisoma 12.6 V imejaa, 12.2 V iko nusu, 12.0 V kaichaji kwanza ndipo uendelee. Stata ikipigwa isishuke chini ya 9.6 V. Ikianguka hadi 7 au 8, kosa ni la betri. Ikibaki 12 huku stata inalia "ka" tu, betri haina kosa; umeme haufiki unakotakiwa, au stata imechoka.

Kisha pima upande wa moto. Ncha nyekundu iguse kichwa cha chanya kule kwenye buti, nyeusi iguse bolti kubwa ya stata kwa kupitia ule waya wa mita 6. Stata inapozunguka, mita inakuonyesha volti zinazopotea njiani. Hadi 0.5 V inavumilika. Ikipita 1 V, umepata mwizi wako. Angalizo: kipimo hiki kina maana pale tu stata inapovuta umeme. Ikiwa imenyamaza kabisa mita itasoma sifuri hata kama waya ni mbovu, na fundi mwenye haraka atakuambia waya ni safi.

Mara nyingi mwizi ni unene wa waya. Stata ya injini ya petroli ya lita 1.5 hadi 2 ikizunguka inakula karibu 150 A. Kwa mita 5 za shaba halisi, waya wa 16 mm² unapoteza 0.82 V, wa 25 mm² unapoteza 0.53 V, wa 35 mm² 0.38 V na wa 50 mm² 0.26 V. Hesabu hiyo ni ya chanya peke yake, bado hujagusa njia ya kurudi. Ndiyo maana waya wa 16 mm², ambao unatosha pale betri inapokuwa sentimita 60 kutoka kwenye stata, unashindwa ukipelekwa nyuma. Weka 35 mm² kwa injini ndogo, 50 mm² kwa lita 2 yenye kompresheni kubwa. Dizeli za lita 3 na kuendelea, ambazo stata zake hupita 300 A, ziachieni betri yake mbele.

Mwizi wa pili ni waya wa aluminiamu uliopakwa shaba. Unauzwa kama waya wa muziki na hata kama waya wa mashine ya kuchomelea, na kwa nje huwezi kuujua. Chukua uzi mmoja, ukwangue kwa kisu: ukiona weupe ndani, si shaba. Au uwekee kibiriti cha gesi. Shaba inawaka nyekundu na kubaki, aluminiamu inalegea na kudondoka. Upinzani wake unazidi wa shaba kwa karibu mara moja na nusu, kwa hiyo "50 mm²" yako inafanya kazi ya 33 mm². Tena lagi zake (vichwa vya chuma vinavyobanwa kwenye ncha za waya) hulegea baada ya miezi michache, maana aluminiamu ikibanwa na kupata joto inaendelea kusinyaa.

Kama waya ni mzuri, kagua lagi. Lagi ya 50 mm² inabanwa kwa mashine ya haidroliki yenye meno ya pembe sita. Ile iliyogongwa kwa nyundo juu ya tindo inaonekana imeshika, lakini ndani ina nafasi za hewa. Pima kila kiungo: ncha moja kwenye lagi, nyingine kwenye nyuzi za waya zinapoingilia, stata ikipigwa. Ikizidi 0.1 V, kata na ubane upya. Njia ya mkato: piga stata sekunde 10, kisha pitisha mkono kwenye viungo vyote kimoja kimoja. Kinachokuunguza ndicho. Kujaza risasi ya kuchomelea hakusaidii sana, kwani inapanda ndani ya nyuzi na kuzikausha, waya unakatika pale pale kwa mtikisiko.

Waya wa chanya ni mzuri, stata bado ni nzito: tazama ethi (njia ya umeme kurudi kwenye hasi)

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika, na hata mafundi wazuri hupasahau. Gari lilipotoka kiwandani, hasi ya betri ilikuwa na waya mfupi mnene kwenda kwenye giaboksi na mwingine mwembamba kwenda kwenye bodi. Umeme wa stata ulikuwa unarudi kwa ule mnene. Unapohamisha betri unaung'oa ule waya pamoja nayo. Kinachobaki kati ya injini na bodi ni ule mkanda mwembamba wa nyuzi, ambao haukuwekwa kwa ajili ya umeme wa stata. Sasa 150 A zinatakiwa zipite hapo.

Zikikosa nafasi zinatafuta njia nyingine yoyote ya chuma kati ya injini na bodi: kebo ya aksileta, kebo za gia, nyaya za ethi za kompyuta ya gari. Kwa hiyo ukisikia kanyagio la aksileta limekuwa gumu wiki moja baada ya kuhamisha betri, usipake oili. Piga stata kisha shika kebo karibu na throto. Ikiwa ya moto, plastiki ya ndani imeshaanza kuyeyuka na kebo hiyo itabadilishwa. Kwenye gari lisilo na kebo ya aksileta dalili inakuja kwa sura nyingine: gari linakufa unapopiga stata, taa za dashibodi zinacheza, kompyuta inaandika makosa ya sensa ambazo ni nzima.

Pima hasi ya betri hadi chuma kitupu cha injini, stata ikizunguka. Ikizidi 0.3 V, gawa njia vipande viwili: hasi hadi bodi ya kwenye buti, halafu bodi ya mbele hadi injini. Kipande kikubwa ndicho cha kutengeneza.

Dawa ni waya wa ethi wa unene ule ule wa chanya, si mwembamba zaidi, kutoka kwenye bolti ya giaboksi au mguu wa stata hadi bodi ya mbele. Kwenye buti fanya hivyo hivyo kwa waya mfupi, usiozidi nusu mita. Mahali lagi inapokaa kwangua rangi hadi chuma king'ae, eneo la ukubwa wa sarafu na zaidi kidogo. Tumia bolti ya M8 au M10 na washa yenye meno, kaza, ndipo upake grisi juu yake kuzuia kutu. Grisi ikitangulia chini ya lagi umejitengenezea kosa jipya. Bolti za mkanda wa usalama si za kufungia ethi, hata kama zimekaa vizuri namna gani.

Vipimo vyote vikisoma vizuri na "ka" inaendelea, fungua stata. Stata za Denso zilizo kwenye Toyota nyingi zina vipande viwili vya shaba ndani ya solenoidi ambavyo huliwa polepole, kimoja zaidi ya mwenzake. Vinauzwa peke yake, huhitaji stata nzima. Vilikuwa vimechoka tangu awali, volti zilipopungua kidogo kwa urefu wa waya vikajitangaza.

Fyuzi kubwa inakatika, au unasikia harufu ya plastiki

Kama huna fyuzi kubwa nyuma, simama hapo kwanza. Waya wa mita 5 unaopita chini ya zulia bila fyuzi ni mkono wa kuchomelea uliowashwa muda wote. Ukigusa bodi hakuna cha kuuzuia hadi gari liungue. Fyuzi inakaa si zaidi ya sentimita 30 kutoka kwenye kichwa cha chanya. Kwa waya wa 50 mm² weka ya aina ya MEGA ya 250 A, ambayo inavumilia ule mshtuko wa mwanzo wa stata. Fyuzi ya muziki ya 100 A itakatika siku injini imegoma na umepiga stata mara tano mfululizo, yaani siku mbaya kuliko zote.

Ikikatika kwenye barabara ya mashimo, waya umelika mahali. Fungua ncha zote mbili za waya, weka mita kwenye ohm, ncha moja kwenye waya nyingine kwenye bodi. Isisome kitu. Sasa tikisa waya, kaa kwenye viti, kanyaga vizingiti vya milango. Ikiruka kusoma, umefika. Sehemu za kutazama kwanza ni tundu la ukuta wa injini lisilo na mpira, skrubu za vizingiti zilizotobolea waya, na reli za viti. Waya uliopitishwa chini ya gari karibu na bomba la moshi usiurekebishe, uhamishie ndani.

Stata ni nzuri ila betri haijai

Washa injini, washa taa kubwa na feni. Pima kwenye alteneta, kisha kwenye betri. Mbele iwe kati ya 13.8 na 14.5 V, na tofauti na nyuma isizidi 0.3 V. Tofauti ikiwa kubwa, rudi kwenye waya na lagi. Kama mbele kwenyewe kuko chini, angalia plagi ya alteneta. Alteneta nyingi za Toyota zina waya wa S unaonusa volti za betri kupitia fyuzi ya ALT-S ya 7.5 A, fundi akiukata wakati wa kuhamisha, taa ya chaji inaweza kuwaka ingawa umeme unatoka.

Magari mapya yenye kisensa cha mkondo kwenye terminali ya hasi yana jambo lake. Kisensa hicho lazima kiende na betri, na ethi zote zifungwe upande wa bodi wa kisensa. Ukifunga ethi ya muziki moja kwa moja kwenye kichwa cha hasi, kompyuta inahesabu umeme wa uongo na kuchaji kidogo.

Swichi ya kukata umeme imezimwa, injini inaendelea kunguruma

Umeweka swichi ya miguu miwili kwenye waya wa betri, na alteneta inailisha injini peke yake. Kibaya zaidi, ukikata betri alteneta ikiwa inachaji kwa nguvu, volti zinaruka na zinaweza kupita 40. Daiodi au kompyuta inaondoka. Swichi sahihi ina miguu sita: miwili minene ya betri, jozi moja ya kukata umeme wa injini, na jozi nyingine yenye rezista ya ohm 3, wati 11, inayomwaga nguvu ya alteneta kwenye ethi. Kwa magari ya mashindano Kiambatisho J cha kanuni za FIA (shirikisho la kimataifa la mbio za magari) kinataka swichi ikate kila kitu na kuzima injini, na ya nje iwekewe alama ya cheche nyekundu kwenye pembetatu ya buluu yenye ukingo mweupe, kitako kisichopungua sentimita 12.

Betri mpya ni lithiamu

Hapa sahau namba za risasi. Lithiamu ya LiFePO4 iliyojaa inapumzika kwenye 13.3 V. Ikisoma 12.8 V, ambayo kwa betri ya risasi ingekuwa imejaa pomoni, imebaki kama asilimia 20.

Inazunguka kwa uzito asubuhi ya baridi, tuseme Julai kule Njombe au Limuru: si mbovu. Washa taa kubwa dakika moja au mbili ijipashe joto kwa ndani, kisha piga stata.

Inasoma 0 V kabisa: saketi yake ya ulinzi imejifungia, ama kwa kuisha chaji ama kwa joto. Ikiwa iko karibu na tabo (turbo) ya moto, ihamishe, maana nyingi hujikata joto likipita 60°C hivi. Ikiwa imeisha, iamshe kwa chaja ya lithiamu. Chaja ya zamani yenye hatua ya "kufufua" betri za risasi inatuma volti 15 na zaidi, na hiyo inaiua. Iliyovimba haichajiwi tena. Itoe kwenye gari uiweke nje, mbali na ukuta wa nyumba.

Inakufa gari likikaa siku tatu: soma kibandiko vizuri. Baadhi huandikwa "15 Ah" kwa kulinganisha na risasi ilhali uwezo halisi ni 5 Ah. Alamu na kifaa cha kufuatilia gari, ambacho wenye mikopo wengi wamewekewa, vikila 70 mA kwa pamoja, kwa siku ni 1.68 Ah. Betri ya 5 Ah inatoa 4 Ah za kutumika, basi siku mbili na nusu zimekwisha. N50 ya 60 Ah ingemaliza wiki mbili na zaidi bila kuonyesha dalili. Pima ulaji huo kwa kuunganisha mita, kwenye 10 A, kati ya hasi na waya wake. Funga milango, subiri dakika 30 kompyuta zilale. Chini ya 50 mA ni kawaida. Usipige stata mita ikiwa hapo.

Harufu ya mayai viza kwenye buti

Betri inachajiwa kupita kiasi au seli moja imekufa, na gesi inaingia walipo abiria. Fungua milango, zima injini, harufu ikiisha iwashe tena upime chaji: ikizidi 14.8 V, regyuleta ya alteneta imekufa. Betri ya maji haikai ndani ya gari bila sanduku lililofungwa na mpira wa kupumulia nje. Mazda MX-5 ya kwanza, BMW E46, Prius na Lancer Evolution X zilitoka kiwandani na betri nyuma. Mpira wa kupumulia wa Prius unapatikana kwa wauza spea za mtumba.

Kagua na inavyoshikiliwa. Kilo 15 kwenye ajali ya mara 20 ya uvutano ni kilo 300 zinazokuja kisogoni mwako, na kamba ya mpira haizuii hilo. FIA inadai kwa betri iliyohamishwa kitako cha chuma, mikanda miwili ya chuma, bolti za milimita 10, na chini ya kila bolti bamba la unene wa milimita 3 lenye eneo la sentimita 20 za mraba. Hata kwa gari la kawaida, hicho ni kipimo kizuri cha kuiga.

Mambo madogo

Gari halikai sailensa (kunguruma taratibu likiwa limesimama) baada ya kutoa betri: kompyuta imesahau mazoea yake. Iache injini ingurume dakika 10 bila AC, kisha dakika 10 na AC. Redio inapiga mluzi unaopanda na injini: waya wa betri umelala sambamba na nyaya za sauti, utenganishe upite upande wa pili wa gari.

Umeme unakatika ukipita tuta: tazama vichwa. Betri za Kijapani za B19 hadi B24 mara nyingi zina vichwa vyembamba, 14.7 mm kwa chanya na 13.0 mm kwa hasi, wakati D23 ina 19.5 na 17.9. Ukihamia betri ndogo, terminali za zamani zinacheza, na mtu anachomeka msumari au kipande cha kopo la soda. Msumari unagusa sehemu mbili tu, unapata joto, kichwa kinayeyuka upande. Nunua vikoba vya risasi vya kuvisha vichwa, au terminali za saizi yake. Na kabla ya kuvisha, hakikisha herufi ya mwisho ya namba ya betri, L au R, ni ile ile ya betri ya zamani. Ukigeuza chanya na hasi kwa sekunde moja tu, fyuzi kuu ya alteneta inaondoka, pengine na daiodi zake.